Zuhura Wawili, Daftari Moja

Nyie vijana mnaosimama kwenye madirisha ya dawa siku hizi mna makoti yaliyopigwa pasi na kompyuta inayowaonya kwamba dawa hii isikutane na ile. Hongereni. Mie nilianza kazi nikiwa na kisu butu cha kuhesabia vidonge, mkasi, na rundo la magazeti ya zamani, na Tandika nzima iliniita Daktari. Sikuwa daktari hata kwa kubahatisha. Nilikuwa mtoa dawa, niliyefaulu mtihani wa mwisho kwa kuponea chupuchupu. Lakini mtu ukiitwa Daktari asubuhi mpaka jioni, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kichwa kinavimba, na changu kilivimba mpaka kofia zikawa hazinikai.

Juzi mpwa wangu, anayesoma udaktari, alinisomea kwenye simu yake kwamba wataalamu huko nje wanazichunguza dawa za pumu kuona kama zinaweza kuwasaidia watu wenye maradhi ya mitokondria. Akataka kunieleza mitokondria ni kitu gani. Nikamwambia, kaa chini mpwa wangu, hayo mie niliyajulia Tandika wewe hujazaliwa, na niliyajua kwa ujinga wangu mwenyewe. Akacheka. Alidhani nafanya unyenyekevu.

Basi sikilizeni na nyie.

Ilikuwa ile miaka serikali imeruhusu watu binafsi kufungua zahanati tena. Kabla ya hapo ukienda kutibiwa unaandikiwa dawa, halafu unaambiwa dawa hakuna. Ghafla zikaja za kila namna, za kutoka India, za kutoka wapi sijui, kidonge kilekile kina majina sita na rangi nne. Zamani tatizo lilikuwa dawa hazipo. Sasa zikawepo, na sie wote tukajifanya tunazijua. Nesi mmoja mstaafu alifungua zahanati kwenye nyumba yake, vyumba vitatu na baraza, akamwajiri Daktari Felista, dada mmoja wa kutoka bara, mdogo kwangu kwa umri na mkali kama sindano, na mie akanivika koti jeupe, akaniweka dirishani.

Kazi ya dirishani ilikuwa na ufundi wake, msione hivi. Unakata gazeti, unakunja, unagandisha kwa uji mzito wa unga wa ngano, bahasha hiyo. Vidonge unavihesabu viwili viwili kwenye sahani, hugusi kwa mkono. Asiyejua kusoma unamchorea: jua linachomoza, jua utosini, jua linazama. Nilikuwaga nachora majua mazuri sana. Bibi mmoja aliwahi kurudi kuomba bahasha tupu akaitundike ukutani, na mie nikampa, nikaona sasa nimekuwa msanii juu ya udaktari.

Halafu kulikuwa na daftari. Mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, daktari anaandika humo ugonjwa na dawa, mgonjwa analeta dirishani, nasoma, natoa. Sasa watu wetu hawapendi kitu kikae bure. Daftari lina kurasa nyingi, kwa nini kila mtu awe na lake? Nyumba nzima ilikuwa inatumia moja. Mbele baba, katikati shangazi, nyuma mtoto. Tulilijua hilo na tuliliacha liendelee, kwa sababu mkigombana na watu kwa ajili ya daftari mtagombana na mtaa mzima.

Kuna mama mmoja alikuwa na daftari la namna hiyo. Alikuwa ameachishwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, wakati ule viwanda vinafunga kimoja baada ya kingine, sasa anauza samaki wa kukaanga karibu na soko. Kurasa za mbele za daftari zilikuwa za mama yake mzazi, Bi Zuhura, mwenye pumu ya miaka mingi. Za nyuma zilikuwa za binti yake wa miaka tisa, ambaye naye ni Zuhura, maana amerithi jina la bibi kama ilivyo kawaida yetu. Wao wawili wanaitana somo. Juu ya jalada kumeandikwa ZUHURA, TANDIKA, basi, imetosha.

Mtoto huyu alikuwa anaumwa ugonjwa ambao hatukuujua. Kope zimelegea, zinafunika nusu ya jicho, mwalimu anamchapa akidhani anasinzia. Kunyanyuka mkekani mpaka ashike ukuta. Akitembea hatua chache anakaa chini, siyo kwa uvivu, miguu inagoma. Mama yake alikuwa anambeba mgongoni kumleta kwetu, mtoto wa miaka tisa, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa mama. Daktari Felista alimwandikia vitamini wakati anatafuta namna ya kumpeleka kwa mabingwa. Aliniambia wazi, "Athumani, hizi vitamini ni za kumpa mama kitu cha kushika mkononi. Sijui mtoto huyu ana nini."

Siku ya siku, mama huyo ananipa daftari dirishani. Mie niko katikati ya kumweleza mteja mwingine kwa nini maoni yake kuhusu mechi ya Jumapili ni ya kipuuzi. Nikafungua daftari, bila hata kutazama ni ukurasa wa nani, nikauliza, "Zuhura?" Akajibu, "Ndiyo, Zuhura." Mtoto mwenyewe yuko mgongoni kwake. Mie nikahesabu vidonge vya salbutamol, vya pumu, dozi ya bibi yake, nikaandika Zuhura kwenye bahasha, nikachora majua matatu, nikarudi kwenye mpira.

Wiki tatu baadaye mama akarudi. Mtoto anatembea. Pole pole, kamshika mama mkono, lakini anatembea kwa miguu yake kutoka nyumbani kwao, na kope zimepanda kidogo, ukamwona ana macho mazuri. Watu barazani wakamwangalia. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Dawa imemkubali, Daktari. Ila mikono inamtetemeka, na moyo namwona unamwenda mbio."

Nikajibu, "Hiyo ni damu inaongezeka."

Wanangu, naomba msiwahi kusema sentensi ya namna hiyo. Mgonjwa akikuletea dalili amekuletea habari, na habari unaipeleka kwa daktari. Mie niliipa jibu la kijiweni.

Nikafungua daftari nimwongezee dawa. Safari hii, sijui ni Mungu, nikasoma. Vitamini, ukurasa wa nyuma. Nikarudi mbele. Salbutamol. Ya bibi, niliyompa mtoto. Daktari Felista alikuwa nyuma ya pazia, hatua sita kutoka nilipo. Ningeinuka, nikaenda, nikasema, "Daktari, nimempa mtoto dawa ya pumu ya mtu mzima," ningetukanwa, labda ningefukuzwa, na yale yote yaliyofuata yasingetokea. Sikuinuka. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na nilikuwa na jina. Nikahesabu vitamini, nikatia kwenye bahasha, nikachora majua, tena safari hiyo niliyachora yakiwa na miale. Nikampa mama nikamwambia, "Endeleeni hivihivi."

Nikaanza kungoja mtoto aporomoke. Silali vizuri. Wiki ikapita, ya pili ikapita, mtoto anapita barabarani anatembea. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi yake. Nikajiambia, kumbe ni vitamini! Zile za pumu hazikufanya chochote, mtoto alikuwa anaelekea kupona tu, na vitamini ndizo zilizomalizia. Nikaamini kabisa. Siyo kwamba nilijidanganya kidogo, niliamini mpaka nikaanza kuhubiri. Mtu akija na mgongo, vitamini. Magoti, vitamini. Mwalimu wa madrasa alilalamika usingizi wa mchana, nikampa vitamini, akaendelea kulala ila akawa anaota vizuri, alisema mwenyewe. Mwenye zahanati akanisifu. Mie mwenyewe nikawa nakunywa, nikawa napanda ngazi mbili mbili za nyumba ambayo haina ngazi.

Asubuhi moja wakamleta Bi Zuhura kwenye mkokoteni wa maji. Amekaa ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza neno moja. Kifua kinapiga filimbi mpaka mtu wa barabarani anasikia. Daktari Felista akamchoma sindano ya mshipa, pole pole sana, anaangalia saa, mie nimeshika bomba la hewa. Ilichukua muda mrefu. Nilimwona bibi anayeyuka mbele yangu, na hata hapo, nawaambieni ukweli, sikujua kama mie nahusika. Nilikuwa namwonea huruma tu.

Alipopata pumzi kidogo, Daktari Felista akanigeukia. "Huyu si ana vidonge vyake? Mara ya mwisho kachukua lini?"

"Wiki iliyopita, Daktari. Kamili."

"Bibi, unavinywa?"

Bibi akatazama ukuta. Mama Zuhura, yule muuza samaki, aliyekuja naye, akasimama. Akafungua pindo la khanga, akatoa bahasha mbili za gazeti, majua yangu yanawaka. Akaziweka juu ya meza ya daktari.

"Hizi za mwanangu hajazigusa," alisema. "Anakunywa za mama."

Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti. Alipokuwa kiwandani kazi yake ilikuwa kukagua vitambaa, kutwa nzima anasimama anatafuta uzi uliokosewa. Wiki ya pili ya dawa zile za mwanzo alimwaga vidonge vya mtoto kwenye kiganja kimoja na vya bibi kwenye kingine, akaona ni kitu kimoja. Akavaa aje kunieleza. "Nikatoka chumbani nikamkuta mtoto amenyanyuka mkekani peke yake," alisema. "Hajashika ukuta. Nikavua baibui, nikakaa. Niliogopa mkijua mtanipokonya."

Akanielekezea kidevu. "Huyu akajua. Akabadilisha kimyakimya, bahasha ileile, vidonge vingine. Nikamwambia mama, wameshatunyang'anya. Mama akasema, mpe vyangu."

Daktari Felista akamshika bibi mkono. "Kwa nini, bibi? Ungekufa."

Bi Zuhura alipumzika kati ya kila neno. "Mie pumzi nimevuta nyingi, mwanangu. Somo wangu ndiyo kwanza kasimama."

Sasa ndiyo nikaelewa. Zile vitamini nilizozihubiri Tandika yote, mtoto hakuwahi kumeza hata moja. Kilichomsimamisha ni kifua cha bibi yake.

Nilikuwa na uongo tayari, ulikuwa umeshafika ulimini: kwamba wauzaji wa jumla walibadilisha pakiti. Kile kifua kikapiga filimbi tena, na ule uongo nikaumeza. Nikasema, "Daktari, nilikosea ukurasa wa daftari, nikampa mtoto dawa ya bibi. Halafu nilipojua, nikaficha." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nimewahi kuanguka na baiskeli sokoni Buguruni juu ya nyanya za watu.

Mama Zuhura akanitazama usoni. "Ungesema, mama asingefika hapa. Na mie ningesema, asingefika hapa. Tumekosa wote. Lakini wewe ndiye mwenye koti."

Mwenye zahanati alitaka niondoke siku hiyohiyo. Daktari Felista ndiye aliyenibakiza, na siyo kwa huruma. Alisema, "Huyu ndiye aliyeliharibu jambo hili, atakaa alipime." Maana yeye, wakati sie tunalia, kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuuliza: dawa ya kufungua mapafu inafanya nini kwenye miguu ya mtoto?

Mie nikasema jibu si tunalo, mtoto kapona. Akaniangalia. "Tukiamini kwa sababu tumefurahi, tutakuwa kama wewe na vitamini zako."

Akamweleza Mama Zuhura anachotaka. Kwanza amsikilize mtoto moyo, apunguze dozi iwe ya mtoto. Halafu mtoto apewe wiki mbili dawa yenyewe, wiki mbili dawa ya bandia isiyo na kitu ndani, kwa kupokezana, na asijue yeye, wala mama, wala mie. Mama alikasirika. "Yaani mnataka mwanangu aanguke ndiyo muamini?"

"Nataka nijue kama ni dawa inayomsimamisha," alijibu Daktari Felista. "Kama siyo, tunamwendesha moyo mbio bure, na siku moja moyo huo utasimama. Kama ndiyo, nitamwandikia kwa mkono wangu, kwa jina lake, na hakuna atakayekunyang'anya."

Mama akafikiri mpaka kesho yake. Akakubali kwa masharti mawili: awepo kila ninapompima, na bibi apelekwe kwa kaka yake Chanika, maana akibaki nyumbani ataficha vidonge mdomoni ampe somo wake. Bibi alipoambiwa hakukanusha.

Kwa kuwa jicho la mama lilikuwa linavijua vidonge, Daktari Felista alivisaga mwenyewe kwa mchi, akachanganya na glukosi, akafunga kila dozi kwenye karatasi yake; za bandia akafunga glukosi tupu. Pakiti nyingine akafunga uzi wa buluu, nyingine mwekundu. Maana ya uzi aliijua yeye peke yake, kaiandika kwenye karatasi kaifungia kabatini.

Kazi yangu ilikuwa kigoda. Mtoto anakaa kwenye kigoda, anasimama bila kushika kitu, anakaa, anasimama, mpaka dakika iishe. Mie nahesabu na kuandika. Siku ya kwanza nilivuruga kila kitu, kwa sababu kila akisimama nilipiga makofi na kusema, "Haya mama, moja tena." Daktari Felista akatoka nyuma ya pazia. "Shangilia uwanjani. Hapa hesabu." Siku ya pili saa yangu ilisimama na mie sikuona, mtoto wa watu akasimama na kukaa mpaka mama yake akaniuliza hiyo dakika yangu ni ya nchi gani. Tukaazima saa. Na kila nilipopendelea, Mama Zuhura alikuwa pale kwenye benchi: "Hapo ameshika goti. Futa." Nilifuta. Sijawahi kufanya kazi chini ya msimamizi mkali kama yule.

Wiki za uzi mwekundu mtoto alilegea. Kope zilishuka, akasimama mara mbili tatu akachoka, akawa ananitazama kama mie ndiye niliyemchukulia kitu chake. Buluu ikija, siku chache tu, anaanza kuinuka. Tulizungusha mara tatu. Mara ya tatu mwekundu ulipoanza kumwangusha, Mama Zuhura alijifunika uso kwa khanga lakini hakuondoka kwenye benchi. Daktari Felista akafungua kabati, akasoma karatasi yake. Buluu ndiyo ilikuwa dawa. Akachukua kalamu palepale akaandika. Mie nilirudi dirishani nikalia, na kuna baba mmoja aliyekuja kutafuta dawa ya minyoo ilibidi angoje.

Jina la ugonjwa lilikuja baadaye. Mabingwa walimkata kinyama kidogo cha paja, kikapelekwa mbali, barua ikarudi baada ya miezi. Tatizo liko kwenye mitokondria. Daktari Felista alitueleza hivi: ndani ya kila chembe ya mwili kuna vinu vidogo vya kutengeneza nguvu, na vya Zuhura vimezaliwa na mgao wa umeme. Mgao wakati ule hakuna aliyehitaji kuelezwa, ndiyo kwanza tulikuwa tumewasha mshumaa. Dawa haitengenezi kinu. Kwa nini inasaidia, alisema, sijui, na alilisema neno hilo mbele ya mgonjwa bila kuona haya, mie nikashangaa kwamba mtu anaweza kulisema na dari lisianguke. Alimwandikia mwalimu wake wa zamani wa chuo cha udaktari. Akajibiwa kwamba mtoto mmoja hathibitishi kitu, mchunge moyo wake, endelea kuandika. Hakuna aliyetuita kokote wala kutupiga picha. Na msije mkamwaga vidonge vya pumu kwa kila mtoto mlegevu mkasema mzee Athumani ndiye aliyewafundisha.

Bi Zuhura alirudi kutoka Chanika amenenepa, akaishi miaka mingi na daftari lake peke yake. Somo wake alimaliza la saba kwa miguu yake. Hakupona, ugonjwa ule hauponi. Miaka mingine ilikuwa mizuri, mingine alirudi kwenye kiti. Dawa alichukua kwangu.

Na mama yake hakuwahi kunisamehe, au labda alinisamehe kwa namna yake. Kila nilipompa bahasha aliifungua palepale, anamwaga vidonge kiganjani, anavigeuza kimoja kimoja, foleni inaguna nyuma. Mwanzoni nilichukia. Halafu nikazoea. Halafu nikaanza kuhesabu kwa makini kwa ajili ya kile kiganja, na ndiyo nikawa mtoa dawa kweli.

Siku moja, karibu nastaafu, mama alikuwa na homa, akaja Zuhura mwenyewe. Msichana mkubwa, kope nzito, kasimama dirishani ameegemea kidogo. "Shikamoo mjomba." Nikampa bahasha. Akaitia mkobani bila kuitazama.

"Fungua," nikamwambia.

"Ah, mjomba. Mie nakuamini."

"Mama yako hakuniamini. Ndiyo maana umesimama hapo. Fungua."

Akafungua. Akavimwaga kiganjani, akavigeuza kwa kidole, kimoja kimoja, na mie nikainamisha kichwa dirishani nikavitazama naye.